Kapsheni Yangu Iliuza Ng'ombe wa Mtu

Leo hakuna kuchekeshana. Leo naongea kuhusu maneno, pesa, na ng'ombe mmoja wa Siongiroi ambaye hayuko tena kwenye zizi lake kwa sababu mimi naandika vizuri. Ni ndefu kidogo. Weka chai karibu.

Wanaonifuata wanajua niliacha chuo mwaka wa pili. Karo iliisha kabla ya hamu kuisha. Nikarudi nyumbani na simu yenye kioo kilichopasuka na mdomo mwingi. Watu wa Nairobi wakisikia Bomet wanadhani sote tunaamka katikati ya majani chai. Hapana. Chai iko juu, kule Konoin, Bomet Mashariki na Kericho. Sisi wa upande huu wa Chepalungu ni watu wa maziwa na mahindi. Asubuhi hapa kengele yako ni pikipiki zikipita na mitungi ya maziwa.

Basi nikaanza kuandikia watu matangazo ya WhatsApp na Facebook. Agrovet, kinyozi, bucha, fundi wa nguo. Mia mbili hapa, mia tano pale. Mtindo wangu ulikuwa mmoja: kelele. "Bei ya kutupa!!! Kuja mapema!!! Ni sisi tu!!!" Kila biashara ilikuwa bora, kila bei ilikuwa ya kutupa. Nilidhani hiyo ndiyo kazi.

Halafu mwaka jana akaja jamaa kutoka mjini. Shati safi, viatu havina vumbi. Alisema ofisi yake inapeleka vijana Ghuba kufanya kazi za ulinzi, maghala na za nyumbani. Alitaka posti tatu tu. Akanilipa elfu sita. Mazee, elfu sita kwa maneno! Niliketi usiku nikaandika kama sijawahi kuandika. Ya kwanza ilisema: "Nafasi 20 pekee. Zimebaki 7. Mshahara wako wa kwanza unaweza kuanza nyumba ya mama."

Hakuna mtu aliniambia zimebaki saba. Hiyo saba niliitoa kichwani. Niliona ishirini na kumi zinafanana na namba za kubuni, lakini saba inafanana na ukweli. Na "nyumba ya mama" niliiweka kwa sababu najua vijana wa hapa wanalia kwa nini.

Ikafanya kazi. Ilisambazwa kwenye vikundi vya kanisa, vya chama, vya waliosoma pamoja. Mama wa rafiki yangu wa shule ya msingi akauza ng'ombe wake, mwenye mimba kubwa, ili alipe "ada ya usajili" ya binti yake. Wiki ya tatu jamaa wa shati safi akawa mteja. Si mnajua vile tunasema hapa Kenya mtu akizima simu? Kwenye biashara mteja ni mfalme. Kwenye simu, mteja ni yule aliyekula pesa yako akapotea.

Yule mama alikuja kwetu jioni. Nilitarajia matusi, hata nilikuwa nimeyajiandalia. Aliuliza tu: "Weri, ile maneno ya nyumba ya mama, ni wewe uliandika?" Nikasema ndiyo, mama. Akatingisha kichwa. "Iliandikwa vizuri." Akaenda zake.

Hakuna tusi limewahi kuniuma kama hiyo sifa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma historia ya watu wanaouza kwa maneno. Nilitaka kujua kitu kimoja: kuna tangazo linaloweza kufanya kazi bila kumla mtu? Nilianza na kitu kilichoko karibu, milima ya chai ninayoona nikipanda matatu kwenda Kericho. Nilichokuta ndicho hiki.

Kabla ya chai kulikuwa na kitani

Watu wengi wanadhani mashamba makubwa ya Kericho yalianza na chai. Sehemu yake ilianza na ndoto iliyouzwa vibaya.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya kikoloni ilikuwa na mpango wa kuwapa ardhi ya Kenya wanajeshi Waingereza waliotoka vitani. Ndani ya mpango huo kulikuwa na kundi la maafisa waliojeruhiwa vitani, na kampuni yao iliitwa BEADOC. Walipewa karibu ekari 25,000 huku Kericho. Ardhi hiyo haikuwa tupu. Ilikuwa ya Wakipsigis, na hakuna aliyewauliza.

Maafisa hao walikuja kulima kitani, ule mmea wa kutengeneza nguo na turubai. Bei ya kitani wakati wa vita ilikuwa imepanda sana, kwa hiyo hesabu ilionekana tamu kwenye karatasi. Wakaweka pesa zao. Halafu bei ikaanguka mwanzoni mwa miaka ya 1920, na kampuni ikaanguka nayo. Ardhi haikurudishwa kwa wenyewe. Iliishia mikononi mwa kampuni za chai, na kuanzia 1924 na 1925 Brooke Bond na watu wa James Finlay wakaanza kupanda chai kwa ukubwa.

Niliposoma hiyo nilisimama. Mtu aliyekatwa mguu vitani anaambiwa: nenda mbali, kuna pesa, bei iko juu. Anaweka akiba yake. Na mwenye ardhi yake, ambaye hata hakuona tangazo, ndiye anayelipa gharama kubwa kuliko wote. Mwaka 1934 ukoo wa Talai, waliokuwa viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, ulitolewa kwa sheria maalum na kuhamishiwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria. Wazee wa huku bado wanaongea juu yake kama jambo la juzi.

Na wafanyakazi wa kuchuma ile chai? Hao hawakuitwa kwa kapsheni. Waliitwa kwa kodi ya nyumba na kipande shingoni. Ukiwa na nguvu ya kulazimisha, huhitaji kuandika vizuri. Uandishi wa matangazo unaanza pale ambapo mtu ana uwezo wa kukataa. Kumbuka hiyo, nitairudia.

Nguruwe wa Glasgow na mtu anayeitwa Bond

Sasa twende kwa wauzaji wenyewe. Unajua Bwana Bond wa Brooke Bond alikuwa nani? Hakuwepo. Arthur Brooke alifungua duka lake la chai Manchester mwaka 1869, na "Bond" akaiongeza kwa sababu ilisikika vizuri. Neno hilo kwa Kiingereza lina harufu ya ahadi, ya mtu aliyetia sahihi. Duka la mtu mmoja likasikika kama kampuni ya watu wawili wenye mvi. Nilicheka, halafu nikakumbuka saba yangu.

Mwenzake ni Thomas Lipton, kijana wa Glasgow aliyeuza nyama na jibini kabla ya chai. Huyu angeishi leo angekuwa na wafuasi milioni kumi. Aliwapitisha nguruwe wanono barabarani wakiwa na bango la kuwaita yatima wa Lipton. Krismasi ya 1881 alileta jibini kubwa ajabu dukani na kuficha sarafu za dhahabu ndani, watu wakasukumana kununua vipande. Hiyo ni kiki kabla ya neno kiki kuzaliwa.

Lakini kilichomfanya awe Lipton wa chai si nguruwe. Wakati ule chai nyingi Uingereza iliuzwa kwa kupimwa kutoka kwenye sanduku, na mnunuzi hakujua imechanganywa na nini, wala kama kipimo ni sawa. Mwaka 1890 Lipton alinunua mashamba Ceylon, Sri Lanka ya leo, akaanza kuuza chai kwenye pakiti zenye uzito maalum. Kaulimbiu yake ilisema chai inatoka moja kwa moja shambani hadi kwenye birika.

Hapo kuna somo zuri na somo baya pamoja. Zuri: hakusema "chai bora duniani." Alijibu hofu halisi ya mnunuzi. Unaogopa kupunjwa? Pakiti imefungwa, uzito umeandikwa. Baya: mashamba yake mwenyewe hayangeweza kutosheleza biashara yake yote, kwa hiyo chai nyingi aliyouza aliinunua kwa wengine. Kaulimbiu ilikuwa na mguu mmoja kwenye ukweli na mwingine hewani. Haikumfukarisha mtu, sawa. Lakini tangu wakati huo kila anayeuza chai anajua picha ya shamba inauza kuliko chai yenyewe.

Walipofundisha watu kuchemsha maji

Mfano ninaoupenda zaidi uko India. Unaweza kudhani Wahindi wamekunywa chai ya maziwa tangu enzi na enzi. La. Chai ya India ililimwa kwa ajili ya Waingereza. Ni pale chai ilipokuwa nyingi na bei mbovu, hasa wakati wa mdororo wa miaka ya 1930, ndipo wenye mashamba wakageuka na kuwaangalia watu waliokuwa wakiishi kando ya mashamba hayo. Mwaka 1935 ikaundwa bodi ya kimataifa ya kupanua soko la chai, yenye pesa za kutangaza.

Walifanya nini? Walituma watu kupika chai mbele ya watu na kuwaonjesha bure. Kwenye stesheni za reli waliweka mabango ya chuma yaliyoeleza hatua kwa hatua: chemsha maji, weka majani, subiri, weka maziwa. Kwa lugha za watu. Tangazo lilikuwa somo. Hata kama hukununua siku hiyo, uliondoka ukijua kitu.

Kisha kikatokea kitu ambacho hakuna bodi ingekiandika. Wauzaji wa barabarani waliona majani ni ghali, wakapunguza majani, wakaongeza maziwa, sukari na viungo, wakachemsha vyote pamoja. Wenye bodi walikasirika, kwa sababu hiyo haikuwa njia "sahihi." Lakini watu waliipenda, na ndiyo iliyoshinda. Sisi nasi hapa, kikombe kisicho na maziwa tunakiita strungi na tunakipa mgeni tukiwa na aibu kidogo. Mteja alichukua bidhaa akaifanya yake.

Somo kwa yeyote anayeandikia biashara: usipige kelele, fundisha. Na ukishafundisha, angalia watu wanafanya nini na kitu chako. Wao ndio watakupa kapsheni.

Fahari, Kericho na jina kwenye pakiti

Turudi nyumbani. Kwa muda mrefu Mwafrika wa Kenya hakuruhusiwa kulima chai ya biashara. Mlango ulianza kufunguka miaka ya 1950, na KTDA ikaundwa mwaka 1964 kusimamia wakulima wadogo. Viwanda kama Kapkoros na Mogogosiek hapa Bomet ni matunda ya safari hiyo. Mnada wa chai ulianza Nairobi mwaka 1956 na baadaye ukahamia Mombasa.

Lakini angalia: sehemu kubwa sana ya chai ya Kenya inauzwa nje kwa magunia, inachanganywa na ya nchi nyingine, kisha inapewa jina la mtu mwingine. Babu yangu alichuma chai Kericho miaka mingi na hakuwahi kuona jina la Kericho kwenye pakiti ya Ulaya. Jasho letu ni malighafi. Maneno ni ya wengine. Na pesa nyingi hukaa upande wa maneno.

Ndiyo maana Ketepa, waliposhika soko la nyumbani na kuita chai yao Fahari ya Kenya, hawakuwa wanachagua jina tu. Unywapo hiyo chai unaambiwa uko ndani ya kitu. Na ile Kericho Gold unayoiona kwenye rafu inapakiwa na kampuni ya Mombasa. Simaanishi kuna kosa. Namaanisha jina la mahali petu lina thamani kiasi kwamba mtu wa pwani anaona faida kuliandika kwa herufi za dhahabu. Sisi tunaoishi humo tunaandika "Bei ya kutupa!!!"

Na kuna mfano wa onyo pia. Mwaka 2011 watafiti wa chai hapa Kericho walitoa aina mpya ya chai ya zambarau. Mmea ni mzuri kweli, kazi ya sayansi ya heshima. Lakini maneno yaliyoufuata yalikimbia kuliko soko. Wakulima walisikia kwamba utalipa mara kadhaa kuliko chai ya kawaida, wakapanda, na baadhi yao wakajikuta majani yao yanaingia kiwanda kilekile na kulipwa bei ileile. Bidhaa haikuwa uongo. Ahadi ilikuwa na haraka.

Mwaka 2007, ujumbe mbili

Sasa hii ndiyo sehemu iliyonibadilisha. Mwaka 2007 Wakenya walikuwa wakiuziwa vitu viwili kwa wakati mmoja.

Cha kwanza kilikuwa M-Pesa, iliyozinduliwa Machi mwaka huo. Watu wanasahau kwamba majaribio yake ya 2005 yalihusu kulipa mikopo midogo. Wakati wa majaribio waliona watu wanafanya jambo jingine: wanatumiana pesa. Kwa hiyo walipozindua hawakuandika kuhusu teknolojia wala mikopo. Waliandika: tuma pesa nyumbani. Maneno matatu. Kila msee aliyekuwa Nairobi alijua maana yake, kwa sababu siku hizo ulimpa dereva wa basi bahasha ukaomba Mungu, au ulisafiri usiku kucha kupeleka elfu moja.

Angalia vile maneno hayo yamekaa. Hakuna sifa hata moja ndani yake. Hakuna "bora", hakuna "kisasa". Kuna kitendo, kuna kitu, kuna mahali. Na unaweza kuyapima siku hiyohiyo: tuma mia, piga simu, uliza kama imefika. Hata majina ya huduma yaliyofuata yana akili hiyo. Okoa Jahazi: mtu wa Siongiroi hajawahi kuona jahazi, lakini ukiishiwa na krediti usiku unajua kabisa ni nani anazama. Fuliza, ya 2019, ni kitenzi cha Kiswahili cha zamani cha kuendelea bila kukatika, na leo watoto wa chekechea wanakijua, pengine kuliko inavyofaa. Hiyo nayo ni nguvu ya neno: linaweza kuufanya mkopo usikike kama msaada wa jirani.

Kitu cha pili kilichouzwa miaka hiyohiyo ni upatu. DECI na wenzake. Kenya ilianguka 2007 na watu wakapoteza mabilioni. Tanzania DECI ilizuiwa 2009. Na wao waliandika vizuri! Tanzania hawakusema "wekeza". Walisema panda mbegu, uvune. Sikiliza hiyo. Kwa mkulima, kwa mtu wa kanisa, hakuna maneno matamu kuliko hayo. Ni mafupi kama tuma pesa nyumbani. Yametoka ndani ya maisha ya watu kama tuma pesa nyumbani. Ukiweka karatasi mbili mezani, mwalimu wa uandishi angewapa wote alama sawa.

Tofauti haiko kwenye sentensi. Iko baada ya sentensi. Mmoja ukituma mia, mia inafika na unaweza kuhakikisha. Mwingine ukipanda mbegu, anayekulipa ni yule atakayepanda baada yako, mpaka siku mpandaji wa mwisho akose wa nyuma yake.

Kwa hiyo ukiniuliza leo tangazo linalofanya kazi ni lipi, sitakuambia ni lile lililoleta simu nyingi. Langu lilileta simu nyingi. Nitasema ni lile ambalo mnunuzi akilisoma tena mwaka mmoja baadaye, bado anakubali lilisema kweli. Hicho ndicho kipimo changu sasa.

Basi tunaandikaje?

Nisikuache na historia tupu. Hivi ndivyo nafanya siku hizi.

Kwanza, siandiki kabla ya kukaa dukani. Juzi fundi wa nguo aliniomba tangazo la sare za shule. Zamani ningeandika: "Fundi bora Siongiroi! Sare kali! Bei poa!!!" Safari hii nilikaa naye asubuhi nzima nikisikiliza akina mama wanaokuja. Hakuna aliyesema neno "bora". Walisema suruali inatoboka gotini kabla ya muhula kuisha. Walisema sweta inafumuka kwapani. Hofu yao ndiyo hiyo.

Pili, naandika hofu hiyo kwa maneno yao, halafu jibu. Tukaandika hivi: "Mtoto akipiga goti kucheza, suruali ndiyo inalia. Sisi tunaweka kitambaa mara mbili gotini. Mshono ukifumuka kabla ya muhula kuisha, leta, tunashona bure. Tuko nyuma ya soko, mlango wa buluu."

Hakuna alama za mshangao. Kuna goti, kuna ahadi unayoweza kumshikia mtu, kuna mlango.

Tatu, nauliza: hii ahadi unaweza kuilipa? Fundi alisita kwenye neno "bure". Nikamwambia kama huwezi, tunalitoa. Alifikiria siku mbili, akabadilisha uzi anaotumia, ndipo akakubali. Tangazo la kweli lilimfanya fundi awe fundi mzuri zaidi. Hiyo sijawahi kuiona na kelele.

Nne, nasema pia ambacho hatuna. Tuliongeza: "Hatushoni sweta." Fundi aliogopa tutafukuza wateja. Kwa maoni yangu mtu akikuambia asichoweza, unamwamini kwa anachoweza.

Tano, ushahidi kuliko sifa. Hakuna mtu amewahi kuandika kapsheni ya mursik. Lakini kila mwanariadha akitua uwanja wa ndege Nairobi na kunyweshwa kwenye kibuyu, dunia nzima inauliza kile ni nini. Kama una kibuyu chako, kionyeshe. Usikisifu.

Sita, namba zote lazima ziwe na mwenyewe. Nikiandika zimebaki saba, nimezihesabu kwa kidole. Na hili si suala la roho nzuri tu. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inataka kuwe na sheria ya matangazo ya haki, ya kweli na ya heshima, na Sheria ya Kumlinda Mlaji ya 2012 inakataza kumdanganya mnunuzi. Sikujua. Niliishi miaka ishirini na ushee bila kujua kapsheni inaweza kuwa kosa la kisheria.

Na la saba, kwa kazi za nje ya nchi: kabla ya kuandika wala kulipa hata shilingi, angalia kama ofisi iko kwenye orodha ya mawakala walioidhinishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA. Ni kazi ya dakika tano kwenye simu. Dakika tano ambazo mimi sikuzitumia, kwa sababu nilikuwa natafuta namba inayofanana na ukweli.

Deni

Nilisema nitairudia ile ya uwezo wa kukataa. Mkoloni hakuhitaji kapsheni kwa sababu alikuwa na kodi na kipande. Sisi tunaandika kwa watu walio huru kusema hapana. Ukimdanganya mtu huyo, umemnyang'anya uhuru wake kwa mkono laini. Anadhani amechagua. Yule mama alidhani amechagua.

Nilifuta zile posti tatu. Nikaandika nyingine yenye jina langu, nikieleza nilichofanya, na hiyo haikusambaa hata robo ya zile za kwanza. Nilimsindikiza kituo cha polisi, nikaandikisha maelezo kama niliyeandika. Elfu sita nilimpelekea, na kila mwezi nampelekea kidogo kutoka kwa kazi za fundi na agrovet. Haitafika bei ya ng'ombe karibuni. Wengine wananiambia, buda, wewe uliandika tu, pesa hukula wewe. Nimefikiria sana hiyo. Brooke aliweka jina la mtu asiyekuwepo na watu wakapata chai. Mimi niliweka nafasi zisizokuwepo na mtu akakosa maziwa. Kuandika tu hakuna.

Jumapili iliyopita nilimpelekea ya mwezi huu. Alinikaribisha, akanipa chai. Ilikuwa strungi. Hakuomba radhi kwa hilo na mimi sikuthubutu kuangalia zizi. Tulipomaliza akaniambia ng'ombe amezaa huko kwa mwenyewe mpya. Ndama jike.

Nikamwambia kongoi, mama, nikashika njia.